Kadi Aliyoijaza Roy

Wendell Hruska alikwenda ofisi ya moteli kuomba barafu tu. Jua lilikuwa limebakiza unene wa kidole juu ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na yeye alikuwa ameendesha pikapu maili mia tisa, kutoka Pennsylvania hadi Iowa. Alitaka barafu ya kutia kwenye sanduku la vyakula, kisha alale.

Mwenye moteli, bibi aitwaye Opal, alimjazia ndoo polepole huku akimtazama kwa juu ya miwani.

"Mnawinda kule msitu wa Teeter?"

"Ndiyo, mama. Kulungu. Kwa upinde."

"Wangapi?"

"Wawili. Mimi na binti wa marehemu rafiki yangu. Mwenye kibali ni mimi. Yeye atapanda mti akae tu, atazame."

"Basi mkifika pale kwenye kisanduku, mkijaza ile kadi, andikeni majina ya waliopo. Waliopo tu."

Wendell alicheka. "Kwani kuna wanaoandika wasiokuwepo?"

"Wapo. Kuna bwana mmoja wa Ohio, mdogo wake alishikwa na homa safari ikiwa kesho. Akamwonea huruma, akamwandika kwenye kadi. Akaingia msituni peke yake. Wakatoka wawili."

"Si mdogo mtu alipona akamfuata?"

"Mdogo mtu alikuwa kitandani kwao Ohio, anakunywa supu ya kuku."

"Sasa aliyetoka ni nani?"

Opal alimsogezea ndoo. "Mimi nilimpa funguo za chumba tu. Nikamkaribisha kahawa. Hakutaka."

"Mama, wageni utawakimbiza wewe!"

"Wageni nawapenda," alisema Opal. "Ila nawahesabu."

Wendell alirudi chumbani akitabasamu, lakini njiani aligeuka nyuma mara mbili, asijue anatafuta nini.

Janine Tibbets alikuwa amekwisha kulitandaza daftari la baba yake mezani. Daftari lile lilikuwa safari yenyewe. Wendell na Roy, baba yake Janine, walikuwa marafiki tangu shule, na kwa miaka mitano mfululizo waliomba kibali cha kuwinda katika jimbo hili lisilo lao. Kila mwaka kura ilipopigwa, majina yao hayakuchaguliwa. Kila mwaka Roy alizidi kupanga. Alichora ramani ya ardhi ya umma ya Teeter, akatia alama kwenye miti miwili ya mwaloni, akaandika upepo gani unafaa mti upi, na ni wapi pa kuvuka seng'enge bila kuchana suruali. Kiangazi cha mwaka jana alikuja peke yake kuikagua miti ile.

Mwezi wa tatu mwaka huu, moyo wa Roy ulisimama akiwa gereji, anapaka nta kamba ya upinde wake. Mwezi wa tano barua za vibali zikafika. Mbili, siku moja.

"Anko, sikiliza hii," alisema Janine. Alikuwa na miaka ishirini na sita, anauza matairi, na tangu mazishi alikuwa hajui kukaa mahali pamoja. "'Siku ya kwanza, Kobe akae mti wa kwanza. Asichezecheze.' Kobe ndiye nani?"

"Mimi. Baba yako peke yake aliniita hivyo. Eti navaa viatu dakika kumi."

"Kumi na mbili. Nilikuhesabia leo asubuhi."

Simu ya Wendell ililia. Alikuwa Lucille, mama yake Janine, kwa mara ya nne siku ile. Hakuitaka safari hii tangu mwanzo.

"Wendell, uliniahidi nini?"

"Kwamba nitamrudisha kama nilivyomchukua."

"Basi nilikuwa nataka kulisikia neno hilo tena. Kalaleni."

Kesho yake, saa nane mchana, waliegesha pikapu penye changarawe, mbele ya msitu. Kisanduku cha chuma kilikuwa kwenye nguzo, na penseli imening'inia kwa uzi. Kadi zake zilikuwa na vipande viwili. Kimoja hutiwa kisandukuni unapoingia. Kingine hukaa kwenye kioo cha gari, na ukitoka unaandika umeona nini, umepata nini, nacho unakitia.

Wendell alikuwa bado anafunga viatu aliposikia kadi ikidondoka ndani.

"Umeandika nini?"

"Sikuandika. Baba alikwisha kuijaza." Janine alimwonyesha kipande kilichobaki. "Aliichukua alipokuja kukagua, akaiweka kwenye daftari. Mimi nimetia tarehe tu."

Ilikuwa ile hati ya Roy, ya mkono wa kushoto, imelala kinyume kama majani yaliyopigwa na upepo.

*Roy Tibbets. Wendell Hruska. Watu: 2.*

Wendell alikumbuka ndoo ya barafu. Alifungua mdomo. Lakini Janine alikuwa anatabasamu, na hakuwa ametabasamu hivyo tangu mwezi wa tatu. Akaufunga. Aliona haya kumnyang'anya mtoto wa watu furaha kwa sababu ya maneno ya bibi wa moteli.

Janine akatoa kipenga cha baba yake, kile cha kuigia mlio wa kulungu dume. Roy alikuwa na desturi yake: milio miwili mifupi na mmoja mrefu. Maana yake, nimemaliza, nashuka.

"Kaa nacho wewe, Anko. Mimi sina wa kumwita."

Wendell alikitia mfukoni na kukifungia zipu.

Alimsindikiza hadi mti wa Roy, ng'ambo ya kijito, akamsimamia anapanda. "Ukifika juu ujifunge mkanda kwanza. Ndipo, baridi ikizidi, ulivute koti kwa kamba; nimelifunga hapa chini."

"Nimepanda miti na baba tangu nina miaka tisa."

"Na mimi nimemwahidi mama yako tangu wiki iliyopita. Usishuke mpaka nije kukuchukua."

"Sawa, Kobe."

Kisha akaenda kwenye mti wake, hatua mia tatu kutoka pale, akapanda, akatulia.

Alijaribu kutulia.

Kiti alichokifunga kwenye shina kilimwuma. Kola ilimkereketa. Kila dakika chache alitoa kichupa chake cha unga wa kupimia upepo, akaminya, akatazama unga unavyopeperuka, maana kulungu akikunusa tu, safari yote imekwisha. Upepo ulikuwa mzuri. Majani ya mwaloni yaliinama kuelekea magharibi, na unga ukaenda nayo. Ilipofika saa kumi na moja aliminya tena. Majani yaliinama magharibi. Unga ukaenda mashariki. Taratibu, kama uzi unaovutwa, kuelekea mti wa Roy.

Aliminya tena.

Mashariki.

Kindi waliokuwa wanachakura chini walinyamaza wote kwa pamoja...

Ndipo dume likatokea. Pembe nene, shingo imevimba kwa msimu wa kupandana. Miaka mitano ilikuwa imesimama pale, hatua ishirini. Wendell aliinua upinde. Akavuta, roda za upinde zikazunguka bila sauti, kamba ikagusa shavu.

Mlio mfupi. Mlio mfupi. Mlio mrefu.

Dume halikumtazama yeye. Lilitazama mashariki, likapiga kwato chini mara moja, kisha likakimbia kama lililochomwa moto.

Wendell alishusha upinde polepole. Mtoto huyu, alijiambia, nimemkataza kushuka, sasa ananifukuzia na mnyama. Mkono wake ukaenda mfukoni wenyewe.

Zipu ilikuwa imefungwa.

Kipenga kilikuwa ndani.

Alishuka haraka kuliko alivyopata kushuka mti maishani mwake. Mwanga ulikuwa unaondoka. Alivuka kijito maji yakamwingia viatuni, asijali. Chini ya mti wa Roy alisimama mtu, taa nyekundu kichwani, koti la Janine, kofia ya koti imevutwa mbele, chandarua cha mawindo kimefunika uso.

Pumzi zikamrudia. "Nilikwambia usishuke!"

"Giza limeingia," yule alinong'ona.

Wawindaji hunong'ona. Na mnong'ono hauna mwenyewe, wa mwanamke na wa mwanamume ni mmoja. Wendell hakuwaza. Alinusa tumbaku ya kutafuna, ile ya Roy yenye mnanaa, akajiambia ni daftari la marehemu lililomo mfukoni mwa koti, limeshika harufu.

"Umesikia kipenga?"

"Nimesikia."

"Ni nani aliyekipuliza?"

Yule alikwisha kutangulia. Alipita penye giza bila kumulika chini, akavuka seng'enge palepale pa kuvukia. Koti lilimbana mabegani. Amevaa masweta mengi, Wendell alijiambia. Alikuwa anajiambia mengi jioni ile.

"Twende, Kobe."

Penye gari, Wendell aliweka upinde nyuma. Alipogeuka, yule alikuwa ameinamia boneti na kipande cha kadi, anakijaza. Taa nyekundu ilimulika penseli.

Ilikuwa katika mkono wa kushoto.

Janine hutumia wa kulia.

Hati ilikuwa imelala kinyume. *Walioonekana: 2. Waliopatikana: 1.*

"Hatujapata kitu leo," Wendell alisema. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.

Yule alikidondosha kisandukuni. Kisha akaingia ndani ya gari, akafunga mlango taratibu, akakaa.

Na kutoka msituni, mbali, ikaja sauti nyembamba...

"Anko?"

Wendell alisimama kati ya gari na miti. Miguu yake ilitaka kukimbilia msituni palepale, na karibu aitii. Lakini kadi zilizomo kisandukuni zilisema wawili wameingia, Roy na Wendell, na wawili wametoka, Roy na Wendell. Jina la Janine halikuwemo popote. Kwa msitu ule, Janine hakuwa na pa kutokea.

Alichukua kadi mpya.

*Wendell Hruska*, aliandika. *Jan...*

Ncha ikavunjika.

Akatoa kisu cha kuchunia, akaanza kuchonga penseli gizani. Ndani ya gari taa ya juu iliwaka. Mtu akakohoa kikohozi kifupi, kile cha Roy, cha kusafisha koo kabla ya kumtania mtu.

Wendell hakutazama. Alichonga. Alijikata kidole gumba, akaendelea kuchonga.

Kioo cha gari kikaanza kushuka.

*Janine Tibbets. Watu: 2.*

Akatia kipande cha kuingilia kisandukuni, kingine mfukoni, na kukimbia.

Alimkuta juu ya mti wa Roy, amekumbatia shina, anatetemeka meno yanagongana. Hakuwa na koti.

"Nilivuta kamba, Anko. Ilikuja tupu. Kisha kipenga kikalia hapa hapa chini yangu..." Alishuka kwa kuteleza, akamwangukia Wendell kifuani. "Halafu ukaja. Nikakuona na mtu. Nimekuita mara ngapi! Kwa nini hukutazama juu?"

Wendell alimvika koti lake, akamshika mkono kama mtoto wa chekechea, wakatoka hivyo, mkono kwa mkono, hadi kwenye changarawe.

Mlango wa gari ulikuwa wazi. Ndani hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa na joto, na harufu ya mnanaa. Wendell alijaza kipande cha kutokea, *Walioonekana: 0. Waliopatikana: 0*, akaandika majina mawili kwa herufi kubwa, akakitia kisandukuni, akaendesha hadi moteli bila kuzima taa ya ndani. Hawakulala. Walikaa na kusubiri kupambazuke. Kulungu, kibali, miaka mitano, hakuna aliyevitaja tena.

Asubuhi alikwenda ofisini kurudisha funguo. Opal alikuwa anamimina kahawa.

"Mnaondoka mapema. Basi mwenzenu alisema kweli."

"Mwenzetu yupi?"

"Yule mwanamume wa koti dogo, limembana huku mabegani. Alikuja jana jioni, nikampa namba sita. Alfajiri akarudisha funguo." Opal alisita, mkono wa birika ukabaki hewani. "Nilimkaribisha kahawa..."

Hakumalizia. Alimtazama Wendell kwa juu ya miwani, kisha akaweka birika chini kwa uangalifu sana.

"Mwanangu," alisema, "kadi mliijazaje?"

Mlango ulifunguliwa nyuma ya Wendell. Alikuwa Janine, simu mkononi, viganja vyake vyote viwili vimeishika.

"Anko, mama yuko kwenye simu. Anafurahi, hata sielewi. Anasema ulimpigia alfajiri, unanong'ona, ukamwambia aandae chakula cha jioni." Aliishusha sauti. "Anasema ulimwambia tunarudi watatu, na mmoja wetu ametangulia."

Wendell alipanda pikapu bila kufunga viatu.