Kidole Kilichozunguka Nyuma ya Mtafiti

Maneno yale niliyasikia nikiwa na pini tatu mdomoni. Jirani yangu muuza mkaa alikuwa amesimama kando ya cherehani yangu, nampima gauni, naye hakungoja hata nimalize kiuno.

"Mama Wakili, umesikia ya kliniki?" akaniuliza kwa sauti ya chini, ingawa chumbani tulikuwa sisi na watoto wangu tu. "Wamekuja watu wa chuo kikuu, wana kamera. Wanajifanya wanawachezesha watoto wadogo, kumbe wanawachuja. Asiyetazama pale kidole kinapoelekeza anaandikwa kwa wino mwekundu: mzito wa akili. Jina linapelekwa shuleni. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza, anarudishwa nyumbani."

"Nani kakwambia?"

"Nami nimeambiwa. Wangu ameshapita, na amekitazama kile kidole mpaka macho yakamtoka!"

Nilizungusha kidole hewani ili ageuke, kama ninavyowafanyia wateja wote, nikampima mgongo. Alipoondoka nilishona mkono wa kulia upande wa kushoto. Nikaufumua, nikaushona tena palepale. Yale maneno yalikataa kunitoka.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Mwanangu wa mwisho, tunayemwita Bonge kwa mashavu yake, alikuwa na miaka miwili na nusu, na maneno yake yote yalikuwa mawili: "maa" na "taa". Ukimwita kwa nyuma hageuki. Nilisema ni kiburi tu, amekirithi kwa baba yake. Na humo chumbani cherehani ilinguruma kuanzia asubuhi, kwa hiyo tulishazoea kusemezana kwa mikono. Kiganja kikiinuliwa, ngoja. Kidole kikikunjwa, njoo. Kidole kikizunguka, geuka. Bonge alizijua ishara hizo kuliko sisi tuliozianzisha.

Dada yake alikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano. Tulimwita Wakili, maana hakuna kesi nyumbani ambayo hakuisimamia. Bonge akimwaga maji, kabla hujafungua mdomo utasikia: "Lakini mama, kikombe kiliwekwa pembeni na nani?" Kila siku akitoka shule alivua sare, akafagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani, kisha akambeba mdogo wake mgongoni na kumzungusha uani.

Wiki ile ile ikaja karatasi ya kliniki. Bonge amechaguliwa. Jumatano, saa tisa alasiri.

Nikaenda kwa muuza mkaa kumuuliza hiyo michezo ikoje, naye akanisimulia yote. Mtafiti anakaa mbele ya mtoto, anaficha mwanasesere chini ya kikombe kimoja kati ya viwili, kisha anaelekeza kwa kidole. Anaangusha kibanio cha nguo aone kama mtoto atamwokotea. Mwisho, msaidizi wake anasimama nyuma ya mtoto, anapiga kengele ndogo na kumwita jina.

Jioni nikamwita Wakili. "Jumatano utakaa nyuma ya yule mtafiti, ambapo Bonge anakuona. Mtoto akikwama, mwoneshe kwa mkono. Kengele ikilia, zungusha kidole."

Akanikazia macho. "Mama, hiyo si kuibia mtihani?"

"Mtihani gani wa mtoto anayevaa nepi? Unamsaidia mdogo wako. Unataka aandikwe mzito?"

"Sitaki. Lakini mama..."

"Wakili, leo mahakama imefungwa."

Akacheka kidogo, akakubali. Tulifanya mazoezi siku nne. Mimi nilipiga kijiko kwenye sufuria badala ya kengele, Wakili akazungusha kidole, na Bonge akageuka taratibu, tumbo mbele, kama bibi harusi anayejaribu gauni. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nikisimulia haya leo, kicheko hicho ndicho kinachonichoma.

Jumatano tulifika mapema. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya mizani ya watoto: mkeka, meza fupi, viti vitatu vya plastiki, na kamera juu ya miguu mitatu. Mtafiti alikuwa dada mpole mwenye miwani. Alinieleza mambo mengi, nami nikawa naitikia kwa kichwa tu, mawazo yangu yote kwenye wino mwekundu. Nilisikia maneno mawili matatu: hakuna kushinda wala kushindwa, na wanataka kujua watoto wanavyoelewana na watu kwa macho na mikono kabla hawajaweza kusema. Akanipa fomu ya kukubali. Niliitia sahihi bila kuisoma. Wakili akajibanza kwenye kiti nyuma ya mtafiti, kama tulivyopanga.

Bonge alifanya vizuri ajabu. Kikombe akakipata. Kibanio akakiokota na kukirudisha kwa mikono miwili. Kengele ilipolia nyuma yake, akageuka. Ikalia mara ya pili, akakawia kidogo, kisha akageuka. Mtafiti akaandika kitu. Nilinyoosha shingo. Wino ulikuwa wa bluu.

Njiani nilitembea kama niliyeshinda uchaguzi. Wakili alikuwa kimya, na yeye si mtu wa kimya.

"Una nini?"

"Mama, Bonge hakusikia kengele."

"Aligeuka, hukumwona?"

"Aligeuka kwa kidole changu. Ile mara ya pili nilichelewa makusudi, nione. Kengele ililia, ikalia tena, naye ananitazama tu. Tumrudishe, mama, tuwaambie."

Nilisimama katikati ya njia. Nilijua, wasomaji wangu. Ndani kabisa nilijua kwamba mtoto amesema kweli. Lakini nilimwambia: "Nyamaza. Na usimwambie mtu yeyote." Akanyamaza. Zikapita wiki tatu.

Wiki ya nne mtafiti akatuita tena, sote watatu. Nilifikiri ni pongezi, nikamvalisha Bonge shati jipya. Mtafiti akatuketisha mbele ya kompyuta.

"Mama, huwa tunahesabu mtoto anamtazama nani, na kwa sekunde ngapi," akasema. "Kwa Bonge hesabu ilinishangaza. Kabla ya kufanya jambo lolote, hakunitazama mimi wala meza. Alitazama juu ya bega langu. Ndipo nikafungua picha za kamera ya pili."

"Kamera ya pili?"

"Ile ya kwenye rafu. Nilikueleza siku ile, na imeandikwa kwenye fomu uliyotia sahihi."

Akabonyeza. Nikamwona Wakili wangu pale kwenye kioo, mgongo umenyooka, uso umekaza. Kengele ikalia. Kidole chake kikainuka, kikazunguka. Bonge akageuka.

Na hapo nikasema maneno ambayo natamani ningekuwa bubu nisiyaseme: "Ni utundu wake huyu! Wakili, nani alikutuma?"

Nilingoja ajitetee. Yule mtoto aliyemtetea kila mtu nyumbani, hata paka, hakufungua mdomo. Alinitazama mara moja, kisha akainamisha kichwa na kuanza kuchezea kifungo cha sare yake. Machozi yakadondoka kwenye magoti.

Mtafiti hakuniuliza kitu. Alimtazama Wakili, akanitazama mimi, akangoja. Kazi yake ni kusoma watu wasiosema, na mimi nilijua ameshanisoma.

"Mimi ndiye niliyemtuma," nikasema. "Yeye alikataa mwanzoni. Na tulipotoka hapa aliniambia mtoto hakusikia kengele. Nikamnyamazisha."

Wakili akainua kichwa. Mtafiti akavua miwani, akaifuta.

"Kwa nini, mama?"

Nikamweleza habari za wino mwekundu na majina yanayopelekwa shuleni. Hakucheka. Alifungua daftari lake, akaligeuzia kwangu. Halikuwa na jina hata moja, ni namba tu. Bonge alikuwa namba ishirini na sita.

"Hatupeleki jina popote," akasema. "Ungeniuliza ningekuonesha siku ileile. Sasa tazama hapa." Akairudisha picha mpaka ile mara ya pili. Kengele ikalia, ikalia tena, msaidizi akaita jina kwa sauti. Bonge anatabasamu tu. "Mtoto huyu akili yake haina tatizo. Anasoma mikono kwa haraka kuliko wote niliowaona. Nadhani anaisoma kwa sababu hasikii. Mtoto mdogo hawezi kusema 'mama, sisikii'. Anasema kwa macho yake na kwa kutogeuka. Hayo ndiyo maneno yake. Ukimjibia, umemziba mdomo."

Kisha akamgeukia Wakili. "Na wewe mdogo wangu, ulichelewesha kidole makusudi?"

"Ndiyo," Wakili akajibu polepole.

"Hizo sekunde chache ndizo zimenionesha. Lakini siku nyingine ukiona jambo kama hilo na mtu mzima mmoja akakunyamazisha, tafuta mwingine. Mwalimu, muuguzi, hata mimi."

Akatuandikia barua ya kwenda kwa daktari wa masikio. Daktari alikuta maji mazito yamejaa nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, pengine tangu zile homa za mwaka uliopita. Alimpa dawa, akanikataza kumchokonoa masikio kwa kitu chochote. Maji yalipokataa kukauka, Bonge akafanyiwa upasuaji mdogo wa kuyatoa. "Angefika darasa la kwanza hivi," daktari akaniambia, "mwalimu angesema huyu hafundishiki." Yaani lile nililolikimbia ndilo nililokuwa namtengenezea mwanangu kwa mikono yangu.

Siku ya kwanza niliyoiwasha cherehani baada ya hapo, Bonge aliruka, akaziba masikio na kulia. Muda wote huo amelala kando ya mashine hiyo, na siku hiyo ilikuwa kama anaisikia kwa mara ya kwanza. Nikaizima. Nilimwomba Wakili msamaha pale pale, mbele ya muuza mkaa aliyekuja kupimwa gauni jingine. Wakili akasema, "Yameisha, mama." Lakini kwa siku nyingi alipotaka kuniambia jambo, alikuwa ananitazama usoni kwanza, kupima kama ruhusa ipo. Hilo nililijenga mimi, na nimechukua muda mrefu kulibomoa.

Ninyi mnaosoma, nanyi wazazi mnaowasomea wanenu, epukeni haya:

Usimwoneshe mtoto mdogo la kufanya anapopimwa. Mwache akosee.

Usimwite mkaidi mtoto asiyegeuka akiitwa. Apimwe masikio kwanza.

Usimchokonoe masikio kwa kijiti wala pini. Hiyo ni kazi ya daktari.

Usitie sahihi karatasi ambayo hujaisoma au kusomewa.

Usiamini maneno ya mtaani kabla hujawauliza wenyewe wanaohusika.

Usikubali kudanganya hata kama aliyekutuma ni mama yako.

Usimnyamazishe mtoto anayekuletea ukweli.

Na kosa lako usimtwike mwanao.