Mjamzito Atembee au Akae?

Kwa mama mkwe, mjamzito alikuwa kama yai. Mke wa mwanawe, ambaye ni mshonaji, alipopata mimba tu, mama mkwe alimpokonya ndoo, fagio, hata cherehani.

"Kaa, mwanangu. Kazi yako ni kulea hiyo mimba."

Mshonaji akakaa. Mwezi wa tano wa mimba ulipoingia, mgongo ulimuuma, choo kikawa kigumu, usingizi ukapotea.

"Mama, nimechoka kwa kukaa."

"Ndiyo mambo ya mimba hayo. Vumilia."

Siku ya kliniki walikwenda pamoja. Muuguzi alimpima mshonaji uzito na presha, kisha akamwambia, "Pumzika sana." Mama mkwe akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Si alisema yeye?

Katika chumba cha pili, mkunga alisikiliza moyo wa mtoto. Akauliza kama kuna damu, kizunguzungu au maumivu ya tumbo. Hakukuwa na lolote.

"Unatembea?"

"Sitoki hata mlangoni."

"Mimba yako haina tatizo. Anza kutembea dakika kumi kwa siku, uongeze polepole hadi nusu saa. Uweze kuongea huku unatembea. Ukishindwa kuongea, punguza mwendo."

Mama mkwe akaja juu. "Mbona mnatuchanganya? Mwenzako kasema apumzike!"

Mkunga akamwita muuguzi. Muuguzi hakununa.

"Mama, mimi nilifundishwa hivyo zamani," alisema. "Mambo yamebadilika, nami nimechelewa kujifunza. Mkunga yuko sahihi."

"Ila si kila mjamzito," mkunga akaongeza. "Wengine tunawazuia, ndiyo maana tunapima kwanza. Na wewe usibebe mizigo mizito. Ukiona damu au maji yanavuja, kifua kikibana, ukisikia kizunguzungu, au tumbo likikaza mara kwa mara, acha na uje hapa haraka."

Mama mkwe akaongea kwa sauti ya chini.

"Mimba yangu ya kwanza ilitoka. Miezi miwili tu. Siku ile nilikwenda sokoni kwa miguu. Miaka thelathini najua ni mimi niliyemuua mwanangu."

Mkunga akasogeza kiti karibu.

"Hapana, mama. Mimba nyingi zinazotoka mapema huwa hazikujengeka vizuri tangu mwanzo. Kutembea hakukuitoa. Hukufanya kosa lolote."

Mama mkwe akafuta macho kwa upindo wa nguo. Mshonaji, ambaye hakuwahi kusikia habari hiyo, akamshika mkono.

Jioni hiyo walizunguka uwanja wa shule pamoja. Baada ya wiki tatu walifika nusu saa. Mshonaji alipiga soga njia nzima. Aliyehema alikuwa mwingine.

"Mama, punguza mwendo. Huongei!"

"Nani kasema? Nakusikiliza tu!"

Maumivu ya mgongo yakapungua. Choo kikawa laini. Usingizi ukarudi, na cherehani ikaanza kulia tena, mshonaji akiinuka mara kwa mara kunyoosha miguu. Miezi ilipotimia akajifungua salama mtoto wa kike.

Siku ya kumpeleka mtoto chanjo, mama mkwe alimsikia mwanamke mmoja kwenye benchi akimkaripia binti yake mjamzito, "Usiinuke!"

Akajisogeza karibu naye.

"Dada, mkunga yuko chumba cha pili. Ingieni mkamuulize. Mimi nilikaa miaka thelathini bila kuuliza."