Nyama Iliyokataliwa na Nzi

Bucha lisilo na nzi ni kama mtaa usio na wambea. Ukiliona, jua kuna jambo. Nesi ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa anatoka kwenda zamu ya asubuhi zahanati, akapita mbele ya bucha la baba mkwe wake, lililoshikana ukuta mmoja na nyumba waliyoishi wote. Mapaja mawili ya ng'ombe yalining'inia kwenye kulabu, mabichi, mekundu, na hayakuwa na nzi hata mmoja. Si kwamba nzi hawakuwapo. Walijipanga ukutani upande wa pili, wengi, wametulia tuli, kama wanaoitazama ile nyama na kuiogopa.

Alipomwambia mumewe, mumewe alicheka. Akasema mwenzake hana jema: nzi wakija analalamika, wasipokuja analalamika.

Siku ya tatu harufu ikaingia. Haikuwa ya nyama iliyovunda, hiyo kila mwenye bucha anaijua. Hii ilikuwa ya nywele zilizoungua na damu ya zamani, na ndani yake utamutamu fulani, kama bandeji iliyosahauliwa juu ya kidonda wiki nzima. Nesi, aliyefungua vidonda vingi maishani mwake, alitapika mlangoni. Nyama ya ng'ombe aliyechinjwa alfajiri iliteleza kwa ukijani ifikapo saa nne. Harufu ikahamia kwenye maji ya kunywa, kwenye mito ya kulalia, kwenye nywele za watu. Halafu mchana mmoja, jua la utosi, bucha limefungwa kwa kufuli na wenyewe wamejinyoosha ndani, wakasikia msumeno wa mifupa unakata, polepole, bila haraka ya mtu mwenye wateja. Mzee wa bucha alipofungua hakukuta mtu. Msumeno ulikuwa umetundikwa mahali pake, umelowa.

Wiki hiyohiyo akaugua mtoto wa wifi yake Nesi, binti wa miaka minne. Alichemka mwili, akatetemeka, macho yakageuka manjano. Nesi aliijua homa ile kama anavyokijua kiganja chake. Akawasihi wamruhusu ampeleke zahanati. Mzee akakataa, akasema homa ya nyumba inayonuka vile haitibiwi kwa sindano, na mganga kishaitwa. Alisihi tena, akaambiwa ajue mipaka yake.

Humo ndani alikuwamo pia shangazi, dada mkubwa wa mzee, mjane aliyezika wanawe wote. Nusu ya kiwanja ilikuwa yake kwa urithi wa baba yao, na hilo lilizungumzwa zaidi pale alipokuwa hayupo. Kwa miaka arobaini alikuwa akiosha matumbo na kuchemsha vichwa na kwato uani, juu ya kuni, hata macho yake yakawa mekundu kama kaa la moto. Nesi alimletea dawa ya macho mara nyingi, naye akawa anajibu kwamba yeye na moshi wameshaoana, hawaachani tena. Ndiye pekee katika nyumba ile ambaye hajawahi kumuuliza Nesi kwa nini hazai.

Alfajiri ya siku ya nne ya homa, Nesi aliamua kuiba njia. Alimwamsha shangazi, akamwomba achote ndoo ya maji ya baridi, amkande mtoto mpaka yeye arudi na dawa. Shangazi hakuuliza swali, alibeba ndoo. Nesi akakimbia kwenda zahanati, akakimbia kurudi, na alipofika uani na vidonge mkononi akasikia wifi yake analia kilio ambacho hakina maneno.

Mganga akaja jioni, mtoto kishazikwa. Alinusa kuta, akasema ni jini, tena la zamani, la ukoo, na jini halitembei bila mwenyeji. "Kikulacho ki nguoni mwenu," alisema. Hakutaja jina. Baadaye sana ndipo Nesi alipotambua jinsi mtu yule alivyoilinda mikono yake isichafuke. Aliuliza tu: nani hapa hana mtoto? Nani ana jicho lisilo la kawaida? Nani alikuwa karibu na marehemu?

Wifi aliinua uso, akamtazama Nesi.

"Kuna mtu humu ana miaka sita ya ndoa na hajazaa," alisema kwa sauti ya chini. "Na kila siku alikuwa anamshikashika mwanangu."

Nyuso zote zikageuka. Nesi alimtafuta mumewe kwa macho, mumewe akaangalia sakafu. Akahisi ulimi umekuwa mzito kinywani, kama kipande cha nyama ya mtu mwingine. Mfa maji haachi kutapatapa.

"Wakati natoka alfajiri ile," alisema, "nilimwona shangazi mlangoni kwa mtoto. Ameshika ndoo."

Kila neno lilikuwa la kweli. Ndiyo maana lilinuka.

Hakuna aliyeuliza zaidi, kwa kuwa jibu lile lilikuwa linasubiriwa siku nyingi. Wakamtoa shangazi uani akiwa na maji ya matumbo bado mikononi, mzee akamshika dada yake kwa kitambaa cha kichwani, wifi akamwinamishia beseni la uchafu wa utumbo na kumnywesha, majirani wakaja, wale waliokula supu yake, wakiwa na mawe na fito, na mmoja akaja na fupa la paja la ng'ombe, na katikati ya vumbi na mavi na pumzi za watu wenye furaha wasiyotaka kuitaja, shangazi aliinua yale macho mekundu, akamwona Nesi amesimama kwenye kizingiti, akafungua mdomo kama anayetaka kusema nani alimtuma, kisha akaufunga, na hakuufungua tena.

Kesho yake nzi walirudi kwenye nyama. Mganga aliondoka akisema nyumba imesafishika. Ndani ya wiki mume wa Nesi alikuwa anapima chumba cha shangazi kwa hatua, akisema kinafaa kuwa stoo. Walikula vizuri. Nesi aliwatazama mafuta yakiwatiririka kwenye vidole, akajiona naye anatafuna, akajichukia.

Ilikuwa mchana, wote wako mezani, wifi alipoweka mfupa chini na kuzungumza kwa sauti isiyokuwa yake, nzito, kavu, ya kitu kilichochoka.

"Msinisingizie," ilisema sauti. "Mtoto alichukuliwa na homa. Mwaka wa ndui babu yenu alimtoa mjane wa jirani, kwa kuwa shamba la mjane lilipakana na lake. Mwaka wa nzige wakamtoa kikongwe aliyeongea peke yake. Mvua ilipokataa, wakamtoa mgeni. Sikumgusa hata mmoja. Mimi ninanuka tu. Ninyi mkisikia harufu mnatafuta mtu, na siku zote mnampata yuleyule asiye na wa kumsemea. Nimekaa na fisi, nimekaa na nyoka makaburini. Ninyi ndio mnaonitia kinyaa."

Wifi akaanguka kifudifudi kwenye sahani yake. Hakuna aliyemgusa.

Nesi aliona mwanya, na alijua hautarudi. Akawaambia yote, pole kwa pole, bila kulia: kwamba yeye ndiye aliyemwamsha shangazi, kwamba maji yalikuwa ya kumpoza mtoto, kwamba dawa ilikuwapo na wangekuwa na mtoto wao hai leo hii, kwamba alisema aliyoyasema kwa sababu aliogopa. "Mimi ndiye niliyemtuma," alimaliza. "Hakuwa na kosa lolote."

Kisha akangoja. Alizitazama nyuso zao moja moja, akitafuta aibu hata ya kope moja.

Mzee wa bucha alifuta mdomo kwa kiganja, taratibu. Alikuwa na uso wa mtu aliyeelewa jambo lililomsumbua muda mrefu.

"Kwa hiyo mlikuwa wawili," alisema.

Mume wa Nesi alisukuma kiti nyuma, akainuka bila kumtazama, akaenda kufunga mlango.