Mkongojo Ndani ya Kifua

Agnela aliacha kukanyaga cherehani, lakini mlio haukuacha.

Ko-ko. Kimya. Ko.

Ilikuwa asubuhi kweupe, jua la Olasiti linawaka, jirani anaanika nguo, na huko barazani mtu anagonga sakafu. Agnela akaweka kando sketi ya sare aliyokuwa akiishona, akachungulia. Baraza tupu. Kuku mmoja tu, naye amesimama kwa mguu mmoja akiitazama kona, haendi wala harudi.

Mtu mwingine angesema ni bati linatanuka kwa joto, akarudi kwenye kazi yake. Agnela naye alitaka kusema hivyo, ila moyo wake ulikuwa umeshaitikia. Ulipiga mara mbili kwa pupa, ukanyamaza hadi akashika kifua, kisha ukarudi kwa kishindo. Ndivyo ulivyokuwa ukimfanyia tangu masika, na ndiyo sababu Alhamisi alitakiwa hospitali. Wangempitishia mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, upande mpaka moyoni, ukachome kipande kidogo cha nyama kinachopiga kivyake. Kisipochomwa, daktari alimwambia bila kuzunguka, ipo siku moyo utanyamaza na usirudi.

Siku zote alidhani ni moyo unaomgongea masikioni. Leo alitambua kwamba mlio wa nje ndio unaotangulia, moyo unafuata.

Halafu kukanukia ugoro. Nyumba ile hakuna anayevuta ugoro.

"Baba Lucky," alimwita mumewe kwa sauti ya chini. "Umesikia?"

Lerionka alikuwa uani akimkatia ng'ombe majani. Alikuja na panga mkononi, akasimama mlangoni, akavuta hewa, na Agnela akamwona uso ukimsawajika.

"Bati hilo," akasema, akageuka upesi.

Bati! Jamani, mwanamume mzima, Mwarusha aliyekulia porini na fisi, anakimbia bati. Agnela alilitia jambo hilo moyoni, huo huo mbovu aliokuwa nao.

Siku iliyofuata alikwenda kupimwa kwa mara ya mwisho. Daktari Sumari, Mmeru wa Tengeru, alikuwa mtu wa utani. "Shemeji, moyo wako umelewa mbege," alimwambia, akamwekea kipimo kifuani, akasikiliza huku anatabasamu. Kidogo kidogo tabasamu likaisha. Akakitoa kipimo kifuani, akakishika hewani, mbali kabisa na mgonjwa, masikio bado yamezibwa.

"Nani anagonga?" akauliza taratibu.

"Daktari, na wewe unasikia?"

Daktari alikuwa anatazama nyuma ya Agnela, pembeni mwa kabati, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kisha akavua kipimo, akanawa mikono, akanawa tena, akasema Alhamisi afike mapema na asile chochote. Utani ulikuwa umekwisha.

Mama yake mdogo, Fransiska, alishuka kutoka Marangu kuja kumuuguza. Hata kizingiti alikuwa hajakivuka. Alinusa, mkoba ukamdondoka.

"Mae! Huyu si wifi yangu Anande?"

"Shangazi amekufa, mama," Agnela alinong'ona.

"Najua amekufa, nilimwosha mimi! Nakwambia yumo humu ndani."

Agnela akaketi chini. Shangazi Anande ndiye aliyesimama siku ya harusi yake, mbele ya padri na wageni, akaupiga mkongojo chini na kusema ndoa ya Mchagga na Mwarusha haitamfikisha mtoto wa kaka yake popote. Alikuwa mvuta ugoro, tena kiguru. Alitembea kwa kupiga mkongojo mara mbili upesi, akaburura ule mguu, akapiga tena. Ko-ko. Kimya. Ko. Agnela aliusikia mwendo ule utoto wake wote, na kumbe ndio uliokuwa ukitembea kifuani mwake.

"Hamkuwa mnasemezana," Fransiska alisema, "lakini kabla hajafa alikufuata hapa na isale. Akarudi analia. Akasema, Agnela amelikataa isale langu, nimeuona moshi likichomwa uani kwake."

"Mimi? Mama, sijaona isale lolote! Haki ya Mungu sijaona!"

Msomaji asiyekuwa Mchagga asije akacheka. Isale ni jani tu, ndiyo, refu na la kijani, tunalipanda mipakani na makaburini. Lakini mtu akilifunga fundo akakuletea, anakuomba msamaha, na hata kama amekuulia ndugu, unalipokea. Hakuna anayelikataa. Aombaye akafa jani lake likiwa limekataliwa, hapati pa kulala.

Fransiska akamgeukia Lerionka. "Baba, wewe siku hiyo ulikuwepo?"

"Mama, mimi mambo yenu ya majani siyajui," Lerionka alijibu, macho ameyaelekeza kwenye kwato za ng'ombe uani.

Jumatano mchana ukungu ulishuka kutoka Meru, ukafunika mashamba, ukafunika boma la jirani, ukaja kukaa barazani kwenyewe. Fransiska akalichuma isale kwenye uzio wa Mchagga mwenzao, akalifunga fundo, akaliweka kizingitini pamoja na kibuyu cha maziwa. Wakapiga magoti wote watatu. "Wifi," akasema, "mtoto hakulikataa. Hakuliona. Pokea hili, utuachie moyo wake."

Ukungu ukanuka ugoro. Mkongojo ukaanza kusikika tokea getini, unakuja pole pole juu ya changarawe, na kila ulipogonga Agnela aliruka, kwa kuwa uligonga nje na ndani yake kwa pamoja, na kila ulipokawia pumzi yake nayo ilikawia, akabaki kinywa wazi kama samaki, akiomba ugonge tena, yeye aliyekuwa akiomba usigonge, mpaka ukafika kizingitini, maziwa yakatikisika kibuyuni bila mtu kuyagusa, na sauti ya kikongwe ikasema, kila mmoja akiisikia kwa lugha yake, karibu kabisa na masikio yao:

"Aliyelichoma ni nani?"

"Sijui, shangazi," Agnela alilia. "Kweli sijui!"

Lerionka alikuwa ameinamisha kichwa. Midomo yake ilicheza.

Kibuyu kikapinduka, Agnela akaanguka.

Alipozinduka alikuwa tayari hospitalini, na kesho yake asubuhi wakamlaza chini ya taa kali, miguu imefunikwa kitambaa cha kijani, dawa ya usingizi imempa uzito tu wala haikumlaza. Aliuhisi mrija ukisukumwa pajani. Aliwasikia madaktari wakisemezana kwa upole, akamsikia Daktari Sumari akisema, "Tunachoma sasa, shemeji, vumilia," na hapo hapo, kati ya mabega ya madaktari wawili waliovaa barakoa, akamwona kikongwe amesimama na khanga yake ya kuzikiwa, pua imepakwa ugoro, anauinua mkongojo, anaugonga, anaburura mguu, anagonga tena, na moto mdogo ukawaka ndani ya kifua cha Agnela, akataka kupiga kelele kwamba mnamchoma tena shangazi, mnamchoma kwa mara ya pili kama jani lake, ila ulimi ulikuwa mzito, na kikongwe akamwinamia, akamtazama kwa huruma ambayo hakuwahi kumwonyesha akiwa hai.

"Nimeupekua moyo wako wote. Kumbe si wewe," shangazi alisema. "Basi acha nimfuate mwenyewe."

Akageuka, akatoka.

"Umetulia!" Daktari Sumari alishangilia. "Angalieni, umetulia kama saa!"

Umetulia kweli. Agnela alirudi nyumbani akicheka na kulia, majirani wakaleta mtori, Fransiska akaimba nyimbo za kanisani hadi sauti ikamkauka, kisha akaenda kununua ndizi. Mchana ule mume na mke wakabaki peke yao. Agnela alikuwa amejilaza, jua linaingia dirishani. Lerionka akaketi kando ya kitanda, amejikunyata, mkono kifuani.

"Mama Lucky, nina neno."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Agnela alijua neno lenyewe kabla hajalitamka.

"Ni wewe," akasema.

"Alinikuta getini. Ameshika lile jani lenye fundo, ananinyooshea, na mimi Kichaga sijui. Mtu aliyetulaani harusini, anakuja na fundo! Nikajua ni uchawi anakutupia. Nikalipokea kama nakuletea ndani, nikalichoma uani ili nikukinge." Machozi yalimtoka. "Kwetu mtu akiomba msamaha anashika nyasi. Angeshika nyasi, mke wangu, ningemwelewa. Ningempigia magoti."

"Na siku ile ya ukungu alipouliza, kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopa."

Hasira ilimpanda Agnela, ikashuka, huruma ikaja mahali pake. Akamvuta mumewe kifuani kwake. "Simama twende uzioni tukachume isale. Utalipeleka Marangu mwenyewe, kwa mkono wako, leo hii."

Lerionka hakusimama. Alikuwa anahema kwa taabu, na nguo zake, zilizonuka ng'ombe siku zote, zilinuka ugoro.

Agnela akamlaza chali, akabana sikio kwenye kifua cha mumewe.

Ko-ko.

Kimya.

Akasubiri ya tatu.