Kidole Kisichofutwa

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa maji ya uvuguvugu. Muuguzi alimnawisha mama yake vidole kimoja kimoja, mama akacheka kwa pumzi kidogo aliyobaki nayo.

"Unanisugua kama sufuria iliyoungua."

"Tulia, mama. Kidole kichafu hudanganya kipimo."

Hapo ndipo harufu ya chungwa ilipopita. Na katika chumba cha wagonjwa mahututi, tunda haliingii.

Alimtoboa kidole, akapima. Sukari ilikuwa juu mno. Wakampa insulini ya kuishusha, ikaporomoka, mama akaloa jasho. Wakampa glukosi, ikapaa tena, na kila ilipopaa chungwa lilinuka kana kwamba linamenywa chini ya kitanda.

"Ugonjwa mkali huyumbisha sukari," daktari alisema, "lakini hii imezidi. Wengine wamerithi mwili usioweza kuituliza. Huenda ni damu ya kwenu."

Maneno hayo muuguzi aliwahi kuyasema mwenyewe, mlangoni hapo hapo, kwa mume wa mwanamke aliyefia kwenye kitanda hicho hicho. Mume alikuwa amemlisha mkewe chungwa kwa siri. Muuguzi, kwa haraka zake, alitoboa kidole kinachonata bila kukifuta, kipimo kikasoma sukari ya tunda, akamdunga insulini, mwanamke akazimika. "Ni damu ya kwao," alimwambia mgane. "Ya kurithi. Pole, kaka."

Daktari alipotoka, mama alifumbua macho. Sauti haikuwa yake.

"Muuguzi, leo umefuta kidole?"

Mashine ziliendelea kulia, watu wakapita nyuma ya kioo mchana kweupe wasione kitu, na kile kidole alichokisugua mwenyewe kikainuka taratibu, kinanata, kinang'aa, kikamgusa mdomoni, naye akaonja chungwa.

"Mume wangu sasa anawatazama wanangu kama maiti wanaosubiri zamu," sauti ilinong'ona. "Ulisema ni damu. Haya, nimekuwa damu."

"Nakuomba, mwache mama yangu."

"Namwacha. Damu haipandi, kaka. Huteremka."

Jioni sukari ilitulia. Daktari alimpiga begani. "Mama yako chuma!"

Asubuhi, kabla mkewe hajaamka, muuguzi alimnawisha bintiye mdogo kwa sabuni, akamkausha.

"Baba, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mwanangu."

Akamtoboa. Tone likachomoza. Kabla hajaliweka kwenye kipimo, mtoto alikilamba kidole, akatabasamu.

"Chungwa."

Baba akakirudisha kidole kwenye maji, akaanza kusugua upya.