Siku ya Nne Kwenye Kadi

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Karani alikuwa na kazi moja kabla hata ya kuvua viatu. Alimwekea baba yake kipimajoto kwapani, akasubiri kilie, kisha akaandika namba kwenye kadi. Nyumbani walimwita Karani kwa sababu ya mwandiko wake. Ulikuwa mzuri, na binti mwenyewe alilijua hilo, tena sana!

Baba yake, fundi cherehani, alikuwa mmoja wa watu wazima waliojitolea kuchanjwa kwenye zahanati. Chanjo hiyo ilitengenezwa kwa mafungu matatu, kila moja kwa wakati wake, na wataalamu walitaka kujua kama yote yanafanya kazi sawasawa mwilini. Kila mtu alichomwa sindano ya fungu moja, asijue lipi, akapewa na kadi ya kuandikia joto la mwili kwa siku saba.

"Lakini baba, si chanjo ni ile ile?" Karani aliuliza.

"Na majora yangu haya matatu, si kitambaa kile kile, kiwanda kile kile?" baba alijibu. "Hata hivyo, huwa nakata kipande cha kila jora na kukiloweka kwanza. Mwaka ule nilipopuuza, sare zilifuliwa mara moja tu, suruali za darasa zima zikaishia magotini!"

Mama aliangua kicheko. Mwaka uliopita alilazwa wiki tatu, na muuguzi wa zahanati ile ile ndiye aliyemhudumia mpaka akapona. Ndiyo maana baba alijitolea. "Nami nirudishe shukrani," alisema.

Siku ya nne, wenzake walikuwa wakiruka kamba kwa jirani. Karani akapitia huko, akanogewa. Aliporudi, baba alikuwa amejifunika shuka gubigubi, amelala fofofo. Asubuhi yake, kwenye nafasi ya siku ya nne, Karani akaandika 36.7, kama ya siku ya tatu. Nani angejua?

Siku ya nane walikwenda zahanati. Muuguzi aliigeuza kadi huku na huku.

"Jamani, kadi safi hii! Umetusaidia sana, mwanangu. Ahsante."

Ahsante ile ilimchoma Karani moyoni. Huyu ndiye aliyemlisha mama uji kwa kijiko. Je, akisema, baba ataondolewa kwenye utafiti? Akajikaza.

"Shangazi, siku ya nne sikupima. Namba ile nimeibuni." Akatoa kifutio mfukoni. "Niifute?"

"Hapa hatufuti," muuguzi alisema. Akachora mstari mmoja juu ya 36.7, namba ikabaki inasomeka. Kando yake akaandika: *haikupimwa*. Akatia tarehe na sahihi.

"Kumbe!" baba alishtuka. "Siku ile ndiyo mwili ulikuwa unawaka moto, viungo vyote vinauma. Nilidhani umenipima usingizini."

Muuguzi akayaandika maneno ya baba pia.

"Baba yako amepona, na hatumwondoi," alimwambia Karani. "Lakini sikiliza. Nafasi tupu hainidanganyi, najua tu kwamba sijui. Namba ya kubuni ingeniambia fungu hili halikumletea homa, nami ningeamini. Na wote watakaochanjwa baadaye wangeniamini mimi."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Nilikushukuru kwa usafi wa kadi. Sasa nakushukuru kwa kusema kweli, na hii ndiyo shukrani kubwa. Ukikosea, sema mapema, kosa lirekebishwe kabla halijamfikia mtu mwingine."

Kisha akafungua droo, akatoa kadi mpya.

"Sindano ya pili ni mwezi ujao. Kadi hii nimkabidhi nani, fundi?"

Baba alimtazama binti yake, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga.

"Mpe karani wangu," alisema.

Karani akaipokea kwa mikono miwili. Kifutio alikiacha juu ya meza.