Jina Lililofungiwa Kitengela

Mlango wa chuma ulijibamiza nyuma yake. Kufuli ikalia nje.

Ledama Simel, jasusi wa serikali, alikuwa amefuata meno ya ndovu hadi kichinjio kimoja cha Kitengela. Sasa alikuwa ndani ya stoo ya barafu. Bastola yake, Browning, alikuwa nayo Ouko, naibu mkurugenzi wa kampuni ya simiti.

Mizoga ikayumba. Sauti ikacheka.

"Jasusi gani huyu anafungiwa na nyama?"

Makokha. Mtangazaji wa redio. Jana alitangazia nchi nzima kwamba Soila Parsaoti, mkurugenzi wa kampuni hiyo hiyo, hana digrii ya uhandisi.

"Hiyo stori ulipewa na nani?"

"Ouko. Leo nimekuja kumuongezea maswali, akanitupa huku."

Bodi ilikuwa inaketi asubuhi hiyo. Soila ndiye aliyeamuru kila lori lipekuliwe kabla ya kutoka. Akifukuzwa, Ouko anakalia kiti, meno yanavuka mpaka wa Namanga chini ya simiti.

"Lakini habari yangu ilikuwa sawa," Makokha akabisha, akitetemeka. "Nilipigia chuo. Hawana Soila Parsaoti."

"Yeye ulimuuliza?"

"Alisema ako na digrii. Nikamuuliza mbona hayuko kwa rekodi, akanyamaza."

"Na wewe ukatangaza kunyamaza kwake."

"Mtu msafi hunyamazia nini?"

Ledama akageukia ukuta.

Kwao Wamaasai, mtu akifa jina lake halitajwi tena. Aliye na jina kama hilo hubadilisha. Soila, mtoto wa jirani, na dadake Ledama waliitwa jina moja. Dada alikufa Soila akiwa ndio ametoka chuoni. Tangu hapo Ledama hakulitamka.

Hata usingizini.

Akachomoa Nokia ndani ya buti. Wenzake walikuwa mbali, Namanga. Wangefika bodi imeshamaliza.

"Piga chuo tena. Uliza..."

Akamtupia Makokha simu.

"Niulize nini, mzee?"

"Nailantei. Nailantei Parsaoti."

Makokha akapiga. Akangoja. Macho yakamtoka. Akapigia studio.

"Niweke hewani sasa hivi! Tulimkosea Soila Parsaoti. Digrii anayo. Alisoma kwa jina lake la zamani, na mimi sikumsikiliza."

Nje, redio ya Ouko ilisema maneno hayo hayo.

Tusi. Kufuli. Ouko akaingia, bastola mbele.

Ledama akamvurumishia mguu wa ng'ombe ulioganda kama jiwe. Ouko akaanguka chali. Browning ikarudi kwa mwenyewe.

Ledama akachukua Nokia, akawapigia wenzake. "Malori gani?"

Ouko, pua ikivuja, akayataja yote.

"Namanga, mmesikia?"

"Tumesikia, afande. Tunayazuia."

Simu ikalia. Soila.

"Bodi imeniacha kazini. Ledama, nani alitaja hilo jina?"

"Mimi."



"Basi mama yako atataka kondoo wa kulifidia."

"Najua."

Akamwacha Makokha akiota jua, akaelekea soko la mifugo la Kajiado kuchagua mnono.